Msimpe Kipaza Sauti Asiyetia Saini

Barua ya wazi kwa viongozi wa jumuiya, makanisa na misikiti ya wazungumzaji wa Kiswahili wa Washington, D.C., Maryland na Virginia

Silver Spring, Maryland
Januari 2026

Waheshimiwa wenyeviti, wachungaji, mashehe, mama na baba walezi wa vyama vyetu vya kufa na kuzikana, na ninyi ndugu mnaoendesha magrupu ya WhatsApp ya Watanzania, Wakenya, Waganda, Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wa eneo letu la DMV,



Msimu wa kodi umewadia. Kuanzia sasa hadi tarehe 15 Aprili mtaletewa ombi mnaloletewa kila mwaka. Mtu atawapigia simu, ataomba dakika mbili wakati wa matangazo baada ya ibada, au ruhusa ya kuweka picha kwenye grupu, ili aseme kwamba anafanya kodi kwa bei nafuu, anaongea Kiswahili, na wateja wake wanarudishiwa hela nyingi. Naandika kuwaomba jambo moja. Kabla hamjampa kipaza sauti, muulizeni kama anatia saini yake kwenye ritani za kodi anazozitengeneza. Akisita, mnyimeni.

Mtasema natetea tumbo langu, na sitabisha. Mimi ni mtayarishaji wa kodi ninayejitegemea, na kila mteja anayekwenda kwa mwingine ni chakula kilichopungua mezani kwangu. Kwa sababu hiyo sikuweka jina wala namba ya simu hapa, isije barua ikageuka tangazo. Wateja wangu wanajua jina langu lilipo: ukurasa wa pili wa ritani zao, chini kabisa, kwenye kisanduku cha mtayarishaji anayelipwa, pamoja na saini na PTIN, namba yangu ya utambulisho wa mtayarishaji. Kisanduku hicho ndicho kilichonifanya niwaandikie.

Kwanza niwaeleze kazi yenyewe, maana kwa nje huonekana mtu na kompyuta yake tu.

Mwajiri anatakiwa kumpatia mfanyakazi fomu W-2, ya mshahara na makato, ifikapo 31 Januari, na hapo ndipo simu huanza kulia. Wateja wangu wengi ni watunzaji wa wagonjwa majumbani na katika nyumba za wazee, wauguzi, yaya, wahudumu wa maegesho, na madereva wa Uber na Lyft wanaosubiri abiria kwenye viwanja vya ndege vya Dulles na Reagan. Hawa hawana saa za ofisi, kwa hiyo nami sina. Nafanya kazi usiku wanapotoka zamu, na Jumapili baada ya kanisa. Mtunza wagonjwa huja na W-2 tatu au nne. Kila mwajiri alimkata kodi kana kwamba hana kazi nyingine, na mapato yakijumlishwa anajikuta anadaiwa. Dereva huja na muhtasari wa kwenye simu bila daftari la maili, ilhali kila maili ya kazi aliyoendesha mwaka 2025 ingemwondolea senti 70 katika mapato yanayotozwa. Nikimwambia kwamba mbali na kodi ya mapato ipo kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3, hunitazama kama vile nimeitunga mimi usiku uliopita.

Halafu kuna jiografia yetu. Mtu analala Hyattsville, Maryland, anafanya kazi D.C., na katikati ya mwaka anahamia Alexandria, Virginia. Maryland, Virginia na D.C. zimekubaliana kwamba mshahara utozwe kodi kule mtu anakoishi, na Bunge la Marekani, katika sheria ya mwaka 1973 iliyoipa D.C. serikali yake, liliikataza kabisa kutoza mapato ya wasio wakazi wake. Lakini mwajiri asiyeyajua hayo hukata kodi ya D.C., na mwenye mshahara inambidi aidai huko kwa fomu ya peke yake huku Maryland ikimdai kodi ya jimbo na ya kaunti. Wapo pia wanaofanya kazi Benki ya Dunia. Mwenye visa ya G-4 hatozwi kodi ya mapato ya Marekani juu ya mshahara ule. Mwenzake wa meza ya pili, ambaye ni raia wa Marekani, anatozwa kodi ya mapato na juu yake kodi ya kujiajiri, ingawa ni mwajiriwa kama mwenzake.

Sehemu ngumu kuliko zote ni ya familia. Mama anayeishi Moshi, ambaye mwanawe anamlipia dawa, kodi ya nyumba na msichana wa kazi, haandikwi kuwa mtegemezi, kwa sababu sheria inataka mtegemezi awe raia au mkazi wa Marekani, au mkazi wa Kanada au Meksiko. Mtoto wa dada yako unayeishi naye zaidi ya nusu ya mwaka na kumlea anaweza kuhesabiwa kama wako. Mtoto wa binamu yako, aliyelala chumba hicho hicho na kula sahani hiyo hiyo, sheria haimpi nafasi hiyo. Kueleza hayo kwa mtu ambaye kwake wote wawili ni watoto wa nyumbani kunahitaji muda na Kiswahili kizuri, na ndiyo sababu kazi yetu ipo.

Baada ya maelezo hayo yote, mara nyingi nasikia hivi: "Kaka, mwenzangu kazini tunalipwa sawasawa. Yeye karudishiwa elfu sita. Wewe unaniambia mia nane?"

Namuuliza nani alimfanyia huyo mwenzake. Ni mtu fulani, yuko nyumbani kwake, anachukua asilimia ya hela zinazorudi. Naomba kuiona ritani. Ninayoonyeshwa ina biashara ya kushona ambayo haipo, iliyopata hasara. Ina sadaka ya maelfu ya dola, ina mtoto asiyejulikana. Na kule chini, kwenye kisanduku cha mtayarishaji, hakuna jina. Pengine pameandikwa kwa Kiingereza kwamba mlipakodi ameijaza mwenyewe. Serikalini inaonekana kwamba huyo mwenzake, mama wa zamu za usiku ambaye Kiingereza cha fomu kinamshinda, aliketi peke yake akabuni biashara ya kushona.

Tanzania tunao msemo wa wafanyakazi hewa. Huku tuna watayarishaji hewa. Wanaonekana Januari, wanachukua chao, na barua ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, inapofika miaka miwili baadaye simu yao haipatikani.

Mtauliza serikali iko wapi. Jibu lake lina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilitokea hapa hapa D.C., Constitution Avenue. Mwaka 2011 IRS ilitoa kanuni kwamba watayarishaji wanaolipwa ambao si mawakili, wahasibu walioidhinishwa (CPA) wala mawakala waliosajiliwa na IRS wafanye mtihani na wahudhurie saa 15 za masomo kila mwaka. Watayarishaji watatu wadogo, wa Chicago, Wisconsin na New Jersey, walifungua kesi inayojulikana kama Loving dhidi ya IRS. IRS ilitegemea sheria ya mwaka 1884, iliyotungwa wakati mawakala walipokuwa wakiidai serikali fidia kwa niaba ya watu waliopoteza farasi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Januari 2013 Jaji James Boasberg aliamua kwamba sheria hiyo haiipi IRS mamlaka juu ya watayarishaji wa ritani. Februari 2014 mahakama ya rufaa ya serikali kuu iliyoko D.C. ilikubaliana naye, katika hukumu iliyoandikwa na Brett Kavanaugh, ambaye leo yuko Mahakama ya Juu. Tangu hapo mtihani wa lazima wa serikali kuu haupo.

Siwalaumu wale watatu. Waliogopa kwamba mtihani na ada vingewafukuza wadogo na kuyaachia soko makampuni makubwa, na hofu hiyo ilikuwa na msingi: aliyekuwa mkuu wa H&R Block, Mark Ernst, alikuwa naibu kamishna wa IRS kanuni zilipokuwa zikiandaliwa. Lakini tazameni kilichobaki. PTIN ni lazima kwa kila anayelipwa, nayo hupatikana mtandaoni kwa chini ya dola 20, bila mtihani wowote wa kodi. Maryland ina sheria yake tangu 2008, yenye bodi, leseni, mtihani na saa 16 za masomo kila baada ya miaka miwili. Virginia na D.C. hazina mtihani wa namna hiyo. Kwa hiyo mtu aliyeshindwa Silver Spring anaweza kuvuka daraja akafungua meza Alexandria.

Hata adhabu zimekaa kichwa chini. Mimi ninayetia saini, nikidai EITC, nafuu ya kodi ya wafanyakazi wenye kipato kidogo, kwa mteja bila kumhoji na kuweka kumbukumbu za majibu yake, faini yangu ni zaidi ya dola 600, na katika ritani moja inaweza kurudiwa kwa nafuu ya mtoto, kwa nafuu ya masomo na kwa hadhi ya mkuu wa familia. Anayekataa kutia saini anapigwa faini isiyofika dola 70 kwa ritani, na hiyo ni pale atakapopatikana. Kumpata ndiyo kazi, kwa sababu hakuacha jina. Nayo IRS imepungukiwa na watu: katika nusu ya kwanza ya mwaka 2025 iliondokewa na karibu robo ya wafanyakazi wake. Direct File, mfumo wa serikali wa kufaili bure ambao wakazi wa Maryland waliutumia mwaka jana, mwaka huu haupo. Fomu ya IRS inayomruhusu mlipakodi kuchagua lugha ya kuandikiwa ina Kigujarati, Kikhmer na Kikrioli cha Haiti, Kiswahili hakimo.

Hapo ndipo ninyi mnapoingia. Mtayarishaji hewa hana ofisi, hana bango, hana leseni ukutani. Anachokihitaji ili aishi ni mtu anayeaminika aseme, "Huyu ni mwenzetu." Imani hiyo mnayo ninyi, na mnamkopesha bila riba.

Naomba mjue mnachokikopesha. Ritani haikai kwenye faili la IRS peke yake. Mtu anapotaka kumleta mama yake huku kwa kudumu, hujaza fomu ya udhamini na kuambatanisha ritani, na mapato yake lazima yafike asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kwa idadi ya watu anaowatunza. Yule aliyebuniwa hasara ili arudishiwe elfu sita anagundua kwamba kwa maandishi yake mwenyewe ni maskini mno kumdhamini mama. Benki ya mkopo wa nyumba inaitaka ritani. Chuo cha mwanawe kinaitaka. Afisa wa uraia naye anauliza habari za kodi.

Adhabu zenyewe ziko hivi. Aliyedai EITC kwa kupuuza sheria hufungiwa miaka miwili, na kwa udanganyifu miaka kumi, hata kama katika miaka hiyo anastahili. Ritani ya udanganyifu haina ukomo wa muda wa kukaguliwa. Mwaka 2012, katika kesi ya Kawashima dhidi ya Holder, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mhamiaji aliyehukumiwa kwa kuandika uongo kwenye ritani kwa makusudi, hasara ya serikali ikizidi dola 10,000, anaweza kufukuzwa nchini. Wenye kesi hiyo walikuwa mume na mke wenye mgahawa, wakazi halali wa Marekani tangu 1984. Aliyekosea hesabu hafikishwi huko. Aliyetia saini uongo akijua ni uongo anaweza kufikishwa, na mlipakodi ndiye anayeapa kwamba ritani ni ya kweli, hata ikiwa imeandikwa na mwingine.

Mwaka huu majaribu yameongezeka. Sheria iliyosainiwa 4 Julai 2025 imeleta punguzo kwa malipo ya ovataimu, na kwenye magrupu yenu nimeona ikiandikwa kwamba ovataimu haina kodi tena. Kinachopunguzwa ni ile nusu ya ziada tu, kwa anayelipwa mara moja na nusu, hadi dola 12,500 kwa mtu mmoja, na makato ya Social Security na Medicare yako pale pale. Mtayarishaji hewa ataiandika ovataimu yote, mteja atafurahi, na barua itakuja baadaye. Vilevile serikali inaachana na hundi za karatasi, kwa hiyo namba ya akaunti iliyoandikwa kwenye ritani ndiyo mlango mkuu wa hela. Wapo watayarishaji wanaoandika ya kwao.

Najua kwa nini watu wetu huwaendea watayarishaji hewa. Wengine wanaogopa umbea: mtu wa kwetu akijua mshahara wangu, kesho utajulikana kwenye harusi. Waambieni kwamba mtayarishaji anayetoa siri ya ritani ametenda jinai, yenye kifungo cha hadi mwaka mmoja na faini ya hadi dola 1,000. Wengine wanaogopa serikali, na tangu Aprili 2025, Wizara ya Fedha ilipotia saini makubaliano na Wizara ya Usalama wa Ndani kuhusu taarifa za walipakodi, hofu hiyo siwezi kuiita upuuzi. Mwenye wasiwasi wa hadhi yake aonane na mwanasheria kabla ya kuja kwangu. Lakini asijidanganye kwamba mtu asiyetia saini anamkinga. Ritani ile ina jina la mlipakodi, anwani yake na watoto wake. Mtayarishaji hewa hafichi jina lako. Anaficha la kwake.

Kwa hiyo naomba mambo manne.

Kwanza, yeyote anayetaka kutangaziwa kazi ya kodi awape namba yake ya PTIN na, kama anafanyia kazi Maryland, aeleze leseni yake au sababu ya kutoihitaji, kwa mfano kwamba ni CPA au wakala aliyesajiliwa na IRS. Leseni ya Maryland mnaweza kuihakiki wenyewe katika tovuti ya Wizara ya Kazi ya jimbo. Anayetoza asilimia ya marejesho msimtangaze kabisa, hata akiwa mjomba wa mwenyekiti.

Pili, tengeni robo saa mwezi huu mwonyeshe watu ukurasa wa pili wa fomu 1040. Waoneshwe mahali pa namba ya akaunti, waifananishe na ya kwao. Waoneshwe kisanduku cha mtayarishaji. Waambiwe wasiondoke mezani kwa mtu yeyote, hata kwangu, bila nakala ya ritani nzima.

Tatu, wapelekeni kwenye huduma ya bure wanaostahili bure. VITA, mpango wa kujitolea wa kuwatengenezea watu ritani, huwahudumia wenye mapato madogo na ya wastani, na katika Kaunti ya Montgomery unaendeshwa na kaunti yenyewe. Wengi wa wateja wangu wangestahili, na mwenye W-2 moja na watoto wawili hana haja ya kunilipa. Tatizo ni lugha, nalo lina dawa mikononi mwenu: watu wa kujitolea wa VITA hufundishwa na kupimwa kwa mtihani wa IRS, na vijana wetu walio vyuoni wanaweza kuupita. Vijana kumi wanaoongea Kiswahili wakiwa kwenye vituo hivyo mwakani, watayarishaji hewa watakosa kazi, na mimi nitapoteza baadhi ya wateja. Nimeshalipigia hesabu hilo.

Nne, wapokeeni walioungua. Wapo kwenye viti vyenu Jumapili na kwenye safu zenu Ijumaa, wenye barua za IRS ambazo hawajazifungua. Wanaona aibu, au wanaogopa kumchongea mtu wa nyumbani. Anayeona kwamba ritani yake ilibadilishwa bila ridhaa yake anaweza kulalamika IRS kwa fomu 14157 pamoja na 14157-A. Kwa mgogoro na IRS zipo kliniki za walipakodi wenye kipato kidogo. Moja iko hapa D.C., katika shule ya sheria ya American University, na huwawakilisha watu bila kuwatoza ada za wakili. Barua isiyojibiwa ndani ya siku zilizoandikwa juu yake humpotezea mtu haki ambazo angekuwa nazo.

Kazi hii naipenda. Napenda kumwambia dereva wa Woodbridge kwamba maili zake zimemwokoa. Napenda pia kumwambia mtunzaji anayeishi nyumba moja na mgonjwa wake kwamba malipo yake ya Medicaid huenda hayatozwi kodi ya mapato kabisa, kwa mujibu wa tangazo la IRS la mwaka 2014, jambo ambalo mtayarishaji hewa hajalisikia kwa kuwa hasomi. Ukweli nao hurudisha hela, na hela zake hakuna atakayekuja kuzidai.

Jumapili na Ijumaa zilizobaki hadi 15 Aprili zinatosha. Katika tangazo lenu lijalo la mtu wa kodi, ongezeni swali moja mbele ya watu wote: "Ndugu, utatia saini?"

Wenu katika kazi,

Mtayarishaji wa kodi mwenye leseni ya Maryland, Silver Spring